Sabufa Inazingua au Dogo Hana Taimingi?

Siku hizi kila kijiji kina dogo wake wa biti, na Mgori, kule Wilaya ya Singida, ni hivyo hivyo. Jina lake libaki kijijini. Kwanza hajaomba kutangazwa, pili wapo wengi wa aina yake kuanzia Mgori mpaka Mbagala, kila mmoja na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni na programu ya kutengenezea muziki aliyorushiwa na mshikaji.

Mchana yuko shambani kwenye alizeti au vitunguu kama vijana wenzake. Jioni, simu ikishapata chaji, anaingia sebuleni kwa mjomba ambako kuna sabufa. Si mashine ya maonyesho, ni hii ya kawaida ya sebule za Bongo: boksi moja kubwa la besi, spika mbili ndogo, taa zinazobadilika rangi, remoti, tundu la flashi, redio na bluetooth. Anawasha bluetooth. Yule dada wa ndani ya sabufa anatangaza kwa Kiingereza chake kwamba simu imeunganishwa. Dogo anafungua ngoma za kwenye kioo, anagonga kidole.

Kimya.

Halafu ndo sabufa inasema "du".

Anagonga tena, safari hii mara nne harakaharaka. Sabufa inatulia kidogo, kisha inamjibu mara nne na kidole kimeshaanza mambo mengine. Akijaribu kufuata mpigo anaousikia, anajikuta anapunguza mwendo bila kupenda. Akikaza, anaiacha sabufa nyuma. Baada ya dakika kumi anaachana na kugonga, anaona bora abaki na kuimba. Anacheza biti ya singeli kwenye sabufa, anarekodi sauti yake kwa simu ileile, kisha anamtumia prodyuza mmoja wa mjini kwa WhatsApp.

Prodyuza anaipokea, anailaza ile sauti juu ya biti safi aliyonayo kwenye kompyuta, anabonyeza. Sauti inatembea nyuma ya biti kama mtoto anayekokotwa kwenda shule. Majibu yanarudi usiku huohuo: "Dogo, sauti unayo. Ila taimingi huna, unaburuza."

Kwenye singeli, kuambiwa huna taimingi ni sawa na kipa kuambiwa hana mikono. Wengine hapo ndo wanaishia. Wanafuta programu, wanabaki kuwa wasikilizaji wa wenzao, na miaka ikipita wanasimulia kwamba zamani walijaribu muziki ila damu haikuwa nao.

Kumbe kesi imesikilizwa upande mmoja tu. Mshtakiwa wa pili alikuwa sebuleni muda wote, anawaka taa zake za kijani na nyekundu, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Watu wakishtuka kwamba sabufa inachelewa, kitu cha kwanza kulaumiwa ni kukosekana kwa waya. Inaonekana ni sawa kabisa: hakuna waya, sauti inapita hewani, lazima ichelewe. Lakini historia ya hapahapa nyumbani inakataa. Nchi hii ilianza kusikiliza muziki usio na waya zamani sana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya uhuru ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee, ambayo kwa miongo kadhaa ilizirekodi bendi ndani ya studio yake na kuzisambaza nchi nzima kwa mawimbi matupu.

Mawimbi ya redio hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde. Dar mpaka Singida kwa barabara ni kama kilomita 700, na mawimbi hayasimami Morogoro kununua mahindi ya kuchoma. Hata ukiwahesabia barabara yote na kona zake, safari haifiki milisekunde 3, na milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kitu cha taratibu kwenye safari hiyo ni sauti yenyewe ikishatoka kwenye spika. Sauti hewani inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula kama milisekunde 3. Maana yake, mzee wa Singida aliyekaa mita moja tu kutoka kwenye redio yake, wimbi lilitumia muda mfupi zaidi kutoka Dar kuliko muda ambao sauti ilitumia kutoka kwenye redio hadi sikioni kwake.

Mtu wa Mgori hahitaji kufundishwa kwamba sauti ni mzembe. Ukisimama upande huu wa bonde ukamtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo, unaona shoka limetua kimyakimya, na "ko!" inakufikia wakati mwenyewe ameshalinyanyua tena. Hakuna anayesema mpasua kuni yule hana taimingi.

Basi kama redio ya bibi haikuwa na waya na haikuchelewa, tatizo la sabufa ya mjomba limeanzia wapi? Hapo inabidi kurudi uswahilini, Dar es Salaam, miaka ya 1990.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na mchiriku. Vijana walikuwa na vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei ya chini ambavyo ng'ambo vilionekana vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na amplifaya za kuungaunga, betri la gari na honi za matangazo. Kundi la Jagwa Music kutoka Mwananyamala lilikuja kuufikisha mtindo huo mpaka majukwaa ya Ulaya. Sauti ilikuwa chafu, imekwaruza, inapasuka, lakini kuna kitu kimoja ilikuwa nacho ambacho sabufa ya mjomba haina. Kidole kikigusa kinanda, honi ililia papo hapo. Umeme ndani ya waya hauna foleni. Mpiga kinanda, wapiga ngoma na mwimbaji walikuwa wanasikia kitu kilekile kwa wakati uleule, ndo maana waliweza kwenda spidi ile usiku kucha bila kuachana.

Kutoka kwenye mchiriku, na kwenye sherehe za vigodoro ambako ma-DJ walikuwa wanachukua vipande vya taarabu na kuviongeza mwendo, ikazaliwa singeli. Hapa kompyuta ndo ikashika usukani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na ghafla watu wa Ulaya wakaanza kuuliza huu muziki unaopiga mara 200 mpaka 300 kwa dakika umetoka wapi. Umetoka Manzese, Tandale, Mburahati, kwa vijana wenye kompyuta moja na programu za kawaida kabisa. Hizo namba, 200 mpaka 300, zishike vizuri. Zitarudi.

Kompyuta nayo ina tabia yake. Haimwagi sauti tone kwa tone kama bomba. Inajaza ndoo kwanza, ndoo ikijaa ndo inamimina, huku inajaza nyingine. Ndoo hiyo mafundi wanaiita bafa. Ukiweka ndoo ndogo, sauti inatoka haraka, lakini kompyuta ikizidiwa kazi hata kidogo ndoo inakuta haijajaa, na unasikia mikwaruzo na kukatika. Ukiweka ndoo kubwa, sauti inateleza vizuri ila unasubiri ijae. Hakuna njia ya tatu, ni kuchagua ukubwa wa ndoo tu.

Hiyo vita ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1983 dunia ilipata MIDI, lugha ya kuviunganisha vinanda na kompyuta, na kinachopita kwenye waya wake si sauti bali maagizo: noti hii, nguvu hii, anza, acha. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikatoa ASIO, njia ya mkato iliyoiwezesha programu ya muziki kuongea na kadi ya sauti bila kupanga foleni ndani ya Windows. Mwaka huohuo Image-Line ya Ubelgiji ikatoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio na ambayo maprodyuza kibao wa Bongo wamekulia nayo. Kufikia hapo mwenye kompyuta nzuri na waya alikuwa anaweza kugonga na kusikia bila kuona pengo.

Ila dogo wa Mgori hakuanzia kwenye kompyuta ya mezani. Alianzia kwenye simu, na simu za Android zilichukua muda mrefu kujifunza adabu hii. Kwa miaka mingi nyingi zilikuwa zinakula zaidi ya milisekunde 100 kati ya kidole na sauti, hata ukitumia spika ya simu yenyewe. Watu wenye iPhone walikuwa wanapiga vinanda kwenye kioo, wenye Android wanaangalia tu. Toleo la 4.1 la mwaka 2012 lilipunguza makali, na toleo la 8 la mwaka 2017 likaja na njia mpya ya sauti iitwayo AAudio. Kwa hiyo simu ya dogo, kama si ya kale sana, inaweza kujitetea. Peke yake haina kesi kubwa. Kesi inaanza pale inapoongea na sabufa.

Hapa inaingia stori ambayo watu wa burudani wataipenda, maana ndani yake kuna staa wa sinema. Mwanamuziki George Antheil, Mmarekani, mwaka 1924 alitunga kazi yake maarufu, Ballet Mécanique, akitaka ipigwe na piano 16 zinazojipiga zenyewe, zote kwa pamoja. Ikashindikana. Ufundi wa wakati ule haukuweza kuzifanya piano 16 ziende sawa, kila moja inaanza kuchepuka kivyake, ikabidi kazi ibadilishwe ili ipigike. Antheil akabaki na kidonda hicho. Miaka ya vita kuu ya pili akakutana na Hedy Lamarr, mwigizaji wa Hollywood ambaye watu walimjua kwa sura na wakasahau kwamba kichwa kilikuwa kinachemka. Wawili hao mwaka 1942 wakapata hataza ya mfumo wa kuongozea makombora ya majini, ambao mawasiliano yake yangekuwa yanarukaruka kutoka masafa moja hadi mengine ili adui asiweze kuyavuruga. Masafa yenyewe yalikuwa 88, idadi ileile ya vitufe vya piano, na karatasi zenye matundu kama za piano zinazojipiga ndizo zingeelekeza ni wakati gani wa kuruka.

Jamaa aliyeshindwa kuzipanga piano ndiye aliyechora karatasi ya kuruka kwenye masafa. Na kuruka kwenye masafa ndiko kunakofanyika kila jioni kati ya simu ya dogo na sabufa ya mjomba. Bluetooth ya kawaida inarukaruka kwenye njia 79, mara 1,600 kwa sekunde. Lamarr na Antheil hawakuitengeneza bluetooth, hilo lisikuzwe kama wanavyolikuza mitandaoni, lakini wazo la kuruka ni lilelile.

Bluetooth yenyewe ilianzia Ericsson ya Sweden mwaka 1994, wahandisi wakitaka kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Jina walimchukulia mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Bluu kwa kuwa, inavyosemekana, jino lake moja lilikuwa limeoza. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana kuisimamia, na 1999 toleo la kwanza likatoka. Mwanzoni ilikuwa ya maongezi, kile kidude cha sikioni walichokuwa wanavaa mabosi. Muziki wa stereo ulipatiwa utaratibu wake mwaka 2003, unaitwa A2DP, na ndo huohuo mpaka leo uko ndani ya sabufa nyingi za sebuleni.

Safari ya mpigo mmoja kwenye utaratibu huo iko hivi. Simu inachukua sauti, inaibana iwe ndogo kwa kutumia kodeki, na ile ya lazima kwa kila kifaa inaitwa SBC. Ikishabanwa inafungwa kwenye pakiti. Pakiti zinarushwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo pia yanatumiwa na Wi-Fi, rimoti za baadhi ya vifaa na hata oveni za maikrowevu, kwa hiyo ni kama stendi ya mabasi siku ya mkesha wa Krismasi. Pakiti ikipotea inatumwa tena. Sabufa nayo ikipokea haichezi mara moja. Inaweka akiba kwanza, kwa sababu inajua njiani kuna fujo na haitaki bwana harusi aingie ukumbini muziki ukakatika. Akiba ikitosha ndo inafungua pakiti, inairudisha kuwa sauti, inapitisha kwenye amplifaya, inatoa "du".

Hizo ndoo zote ukizijumlisha, ucheleweshaji wa kawaida wa bluetooth unaangukia kati ya milisekunde 100 na 300. Waliopanga A2DP walikuwa wanamfikiria mtu anayesikiliza, na kwa msikilizaji ni bora muziki uchelewe kuliko ukatike. Aliyekaa kwenye kochi na album haimdhuru chochote kama wimbo umeanza robo sekunde baadaye. Hata muvi haina shida, kwa sababu simu na programu nyingi za video zinajua spika imechelewa kiasi gani, zinaizuia picha kidogo ili mdomo na maneno viende pamoja. Mtu wa kupiga hakuwepo kwenye kikao. Kidole cha mtu hakiwezi kuzuiwa kama picha.

Chukua milisekunde 200, katikati ya hizo namba. Katika muda huo sauti hewani inakwenda kama mita 68. Kwa hiyo sabufa iliyoko mezani, hatua mbili kutoka kwa dogo, kwa masikio yake ni kama imewekwa mita 68 mbele yake. Uwanja wa mpira wa mechi kubwa una urefu wa mita 105. Dogo amesimama golini, sabufa iko mbali kupita katikati ya uwanja, na anatakiwa apige nayo ngoma. Ni yule mpasua kuni wa ng'ambo ya bonde, ila safari hii shoka ni lako.

Sasa zile namba za singeli. Wimbo wa taratibu wa Bongo Fleva wenye mapigo 90 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 667. Ukichelewa 200 utasikika mvivu, watu watasema ndo staili yako. Singeli ya mapigo 200, kila pigo lina milisekunde 300, kwa hiyo umechelewa theluthi mbili ya pigo na kila mtu anasikia kwamba kuna kitu kimevunjika. Singeli ya mapigo 300, kila pigo ni milisekunde 200 kamili. Yaani ucheleweshaji umekuwa pigo zima. Na hii ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu sauti inaangukia pigoni, ila pigo si lake. Hakuna kinachogongana waziwazi. Mashairi yote yamekalia kiti cha jirani, na msikilizaji anahisi tu kwamba huyu mwimbaji ana kasoro asiyoweza kuitaja.

Muziki wa kompyuta wenye kasi hivyo ulikua kwenye mitaa ya waya, ukaja kurithiwa na vijana wa sabufa zisizo na waya. Wa Manzese walichomeka kompyuta kwenye miksa, biti ikatoka papo hapo. Wa vijijini wamepokea nyimbo zilezile kwenye simu, kwa spidi ileile, ila kamba imekatwa. Kwa kusikiliza na kucheza hakuna aliyepungukiwa. Aliyepungukiwa ni yule anayetaka kuujibu muziki huo.

Kuna mambo ya kwenye sherehe ambayo nayo yanajieleza hapa. Mwimbaji akishika maiki iliyochomekwa kwenye sabufa yenyewe na biti inatoka kwenye simu kwa bluetooth, mambo yanakwenda safi tu. Biti imechelewa, ndiyo, lakini yeye anaimba kwa kufuata anachokisikia, na maiki yake haipiti bluetooth, kwa hiyo wageni wanasikia vyote pamoja. Kimbembe ni pale mtu anapoleta sabufa ya pili kuongeza mzuka, moja kwa waya wa AUX, nyingine kwa bluetooth. Hapo ukumbi mzima unapata mwangwi, bi harusi anapiga hatua mbili kwa pigo moja, na MC anamlaumu fundi mitambo.

Kibaya zaidi ni kujisikia mwenyewe umechelewa. Mwaka 1950 mtafiti wa Marekani, Bernard Lee, aliandika kwamba mtu akirudishiwa sauti yake masikioni ikiwa imechelewa kidogo, anaanza kugugumia, anavuta maneno, anapandisha sauti bila kujijua. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba ulimi unavurugika zaidi ucheleweshaji ukiwa karibu na milisekunde 200. Ni zilezile za bluetooth. Kwa hiyo dogo anayeghani kwenye maiki ya simu huku anajisikiliza kupitia sabufa, akikwama maneno, hajalewa wala hajasahau mistari. Ubongo wake unafanya ambacho ubongo wa mtu yeyote ungefanya.

Turudi kwenye lile faili la WhatsApp, maana ushahidi ulikuwa ndani yake tangu mwanzo. Dogo alirekodi sebuleni, sabufa inapiga. Ukilisikiliza faili peke yake, bila biti safi juu yake, kwa mbali nyuma ya sauti ya dogo unaisikia ile biti ya sabufa, imeingia kwenye maiki pamoja na kuku na mtoto wa jirani. Na kwenye hiyo biti ya mbali, dogo yuko sawasawa. Kila silabi iko pale inapotakiwa. Aliimba na kitu alichokisikia, na kitu alichokisikia kilikuwa kimechelewa. Prodyuza alipoilaza sauti juu ya biti ya kompyuta yake, ambayo haikupita kwenye bluetooth ya mtu, pengo lote likahesabiwa kuwa la mwimbaji.

Dawa ya faili kama hilo haichukui dakika. Unatafuta pigo moja la sabufa linalosikika kwa mbali, unalilinganisha na pigo lake kwenye biti safi, unapima pengo, halafu unaivuta sauti yote kushoto kwa kiasi hichohicho. Asiye na biti ya mbali ya kulinganisha anaweza kucheza mlio wa "ti, ti, ti" wa kuhesabia kupitia sabufa, akaurekodi kwa simu, akaangalia mistari imepishana kiasi gani. Namba inayopatikana ni ya simu ile na sabufa ile tu. Ukibadilisha sabufa, unapima upya.

Wenye pesa wana njia zao. Kuna kodeki kama aptX Low Latency inayoshusha pengo mpaka karibu milisekunde 40, ila lazima simu na spika zote mbili ziwe nayo. Mwaka 2020 ikatangazwa LE Audio, bluetooth ya sauti ya kizazi kipya yenye kodeki ya LC3, nayo inapunguza. Sabufa za sebuleni za bei ya kawaida bado nyingi zinaongea SBC tu. Na kuna kichekesho kimoja hapa: mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, simu nyingine za bei mbaya zikafuata mkumbo, lakini simu nyingi za bei nafuu bado zinalo. Kwa hiyo mwenye simu ya laki na kitu kule Mgori yuko karibu na muziki kuliko bosi wa mjini mwenye simu ya mamilioni na vidude vyeupe masikioni.

Yule Antheil, kwa taarifa, alifariki mwaka 1959 bila kuzisikia piano zake 16 zikipiga pamoja. Ziliweza mwaka 1999, Lowell, Marekani, zikiongozwa na kompyuta kwa MIDI, mwaka uleule bluetooth ya kwanza ilipotoka. Zilipigwa kwa waya.

Na dogo? Nyuma ya sabufa ya mjomba, chini ya vumbi, kuna matundu mawili, jekundu na jeupe, ambayo hayajaguswa tangu siku sabufa ilipotolewa kwenye boksi. Waya wake unakuja ndani ya boksi hilohilo, umefungwa kwa kikamba, na kwenye nyumba nyingi bado upo, juu ya kabati, pamoja na karatasi ya waranti na remoti ya deki iliyokufa. Ncha moja inaingia kwenye matundu hayo, nyingine kwenye tundu la hedifoni la simu, halafu kwenye remoti unabonyeza mpaka kioo cha sabufa kiandike AUX. Dada wa Kiingereza hatatangaza chochote. Ukigonga kidole, "du" inatoka na kidole bado kiko kiooni.